Mtoto Yesu Niliyemficha

Bibi,

Hapa Buzebazeba wote hatujambo. Mama bado anaanika dagaa Kibirizi, na kiti chako cha kamba hakuna anayekikalia tangu tukuzike. Ninakuandikia kwa sababu nimefanya jambo, na humu ndani hakuna ninayeweza kumwambia.

Unakumbuka pango la Noeli kanisani? Miaka sita nilikubebea mawe kutoka ufukweni, ukichukua moja na kukataa matatu. "Hili lina kiburi, mke mwenzangu, lirudishe." Uliniita hivyo kwa utani, eti tunamgombea Babu. Nilijua siku ukiondoka, pango litakuwa langu.

Mwaka huu katekista alisimama wakati wa matangazo akasema litatengenezwa na Konsolata. Konsolata, Bibi, yule wa kwaya anayecheka hata msibani. Katekista akaongeza kwamba wewe mwenyewe uliomba hivyo ulipokuwa umelazwa. Niliinamia kitabu cha nyimbo nikasoma mstari mmoja mpaka watu wakatoka. Konsolata alipokuwa akija kukusuka nilidhani anakuja kwa ajili ya nywele tu. Kumbe nilikuwa na mke mwenza kweli.

Majilio yote ulikuwa ukikaa na sanamu ya Mtoto Yesu nyumbani, imefungwa kwenye kipande cha kitenge, kwa sababu hori lazima libaki tupu mpaka misa ya mkesha. Mimi peke yangu nilijua iko kwenye tranka lako. Konsolata alikuja kuiulizia. Nikamwambia sijui. Nilisema kwa upole kabisa.

Jana jioni mkesha ukafika, hori tupu. Wamama wakaanza kumsema Konsolata: "Huyu mtoto mapepe, kampoteza Yesu." Konsolata akasema mbele yetu, "Ni kosa langu, Padri. Ningemtafuta mapema." Hakunitaja, ingawa alijua nani aliishi na wewe. Padri akahubiri kwamba Mungu alikubali kuzaliwa zizini, basi asiwepo mtu wa kusema moyo wake ni mchafu mno kumpokea. Hayo nimeyasoma vitabuni mara nyingi. Jana yalikuwa yananisema mimi.

Leo kabla ya misa ya kwanza nilimpelekea Konsolata sanamu. Nikamwambia niliificha, na kwa nini. Akanitazama. "Kumbe ni wewe? Na unavyojifanya mtakatifu." Akacheka. Mimi nikalia. Tukamlaza Mtoto pamoja. Nilimuuliza kwa nini ulimchagua yeye. Hajui. Aliogopa kukuuliza, alidhani mimi nilikataa.

Kwa hiyo sitajua, Bibi. Nilidhani Kristo akizaliwa ndani ya mtu, wivu unahama siku hiyo hiyo. Haujahama. Watu walipomsifu kwa mawe yake, aliyoyapanga vibaya, uliniuma kama juzi. Tofauti ni kwamba juzi niliuita haki. Leo nimeuita kwa jina lake, nikamwomba Mungu akae humo humo, pamoja nao, mpaka uchoke.

Pumzika sasa. Mwakani nitambebea Konsolata mawe, na nitanyamaza akiyapanga atakavyo. Lakini hilo ni la mwakani. Wamama bado wanamsema yeye. Misa ya pili ikiisha nitasimama mbele yao niwaambie nani aliificha. Unajua sauti yangu ilivyo ndogo mbele ya watu. Nitasema nayo hivyo hivyo.

Mjukuu wako,
Leokadia