Sauti ya Stesheni Masta

Jumanne, 3 Juni

Mashuka ya hoteli kadhaa leo, yote yameingia kwa mkupuo. Mvuke mpaka kope zinadondosha maji. Mimi na Shemeji tumekunja hadi mabega yakakataa. Si shemeji yangu wa kweli, kila mtu kiwandani anamwita hivyo. Kukunja shuka kubwa ni kazi ya wawili: mnashika pembe, mnavuta, mnakutana katikati, mnaachana. Siku nzima unamwendea mtu na kumkimbia. Shemeji anasema hata mkewe hajawahi kumsogelea mara nyingi hivi.

Wakati wa kula nikafungua simu. Kundini kwetu mashabiki moto! Mzee wetu anakuja. Yule mwigizaji mwenyewe, anayecheza Stesheni Masta kwenye tamthilia yetu ya kila Alhamisi. Kuna mkutano mkubwa wa mashabiki, na unafanyika mji huu huu ninakofulia mashuka ya watu. Kondakta, kijana aliyeanzisha kundi, kaandika kwamba safari hii hakuna kujificha, tuonane uso kwa uso.

Nilifurahi. Kisha nikaizima simu.

Hapa hakuna anayesoma, niandike ukweli. Kwenye kile kikundi mimi ni mtu. Kila kipindi kikiisha naigiza sauti ya mzee, ule mkwaruzo wake, maneno anayotangaza treni ya mwisho ikiondoka: “Aliyechelewa asikimbie. Stesheni hii haifungwi.” Naituma. Wanacheka, wanalia, wananiita Masta. Humu kiwandani naitwa “wewe wa mashuka”. Kundini hawajui nafanya kazi gani. Sijawadanganya. Hawajauliza.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemwomba mnyapara Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Akauliza ni msiba? Nikasema hapana. Ni ugonjwa? Hapana. Sasa ni nini? Mtu mzima na ndevu zake, utasema unakwenda kumwona mwigizaji?

Shemeji akaingilia kati, akasema ananishikia zamu, mimi nitamlipa zamu yake ya Jumapili. Mnyapara akakubali bila kututazama. Shemeji akanigeukia, akataka kujua huyo mwanamke ni nani. Nikamwambia ni mwanamume, mzee, mwenye kofia ya reli. Alicheka mpaka akaangusha pembe ya shuka. Tukarudia kulikunja.

Jioni kipindi kilikuwa cha marudio. Bado hawajatoa vipya. Niliwatumia sauti hivyo hivyo. Shangazi alijibu wa kwanza, kama kawaida yake: “Masta, umenikosha roho, baba.” Shangazi ni mshonaji, mama mtu mzima, ndiye hutuamkia wote asubuhi. Siku nikikaa kimya, yeye ndiye huuliza Masta yuko wapi. Tangu nitoke kwetu hakuna mwingine anayeuliza hivyo.

Jumapili, 8 Juni

Nimeilipa zamu ya Shemeji mapema. Chumba cha kukaushia ni kama tanuri, lakini kina mwangwi mzuri. Nikajaribu sauti. Mashine zinanguruma, hakuna anayesikia. Iko sawasawa.

Kundini wanapanga mavazi. Kondakta atavaa sare ya kondakta, hiyo haina ubishi. Mimi wameshanivika koti la Stesheni Masta hata kabla sijasema neno. Sina koti.

Ijumaa, 13 Juni

Shemeji kanipatia koti! Lilikuwa kwenye kapu la nguo zisizo na wenyewe — la mbeba mizigo wa hoteli fulani, buluu nzito, kola imechakaa. Kalipiga pasi mwenyewe, hataki niliguse. Alipomaliza akanivalisha, akarudi nyuma, akanikagua. Akasema sasa nafanana na mtu ambaye treni yake ilimwacha zamani.

Mikono imebabuka kwa dawa ya kufulia. Nimeipaka mafuta. Sitaki mzee ashike magamba.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika yote kwa mpangilio, la sivyo nitaanza kujidanganya.

Ukumbi mkubwa, watu kama siafu, nusu wamevaa kofia za reli. Shangazi alinijua kwa koti. Ni mfupi kuliko sauti yake. Alinishika mikono yote miwili, akaitazama, akauliza kazi gani inanila mikono hivi. Nikamwambia. Akasema pole, mwanangu, akaendelea kuishika. Kondakta naye ni kijana mtanashati, saa kubwa, manukato. Alinipa vidole tu. Alidhani nafundisha shule. Akasema kwa ile sauti, aliniwazia mwalimu, au mtu wa redio. Tukacheka, lakini kicheko hakikuenda mbali.

Tukakaa kwenye meza ya vinywaji, na hapo ndipo nilipoona ajabu. Hakuna aliyekuwa na la kusema! Watu tunaoandikiana kila siku ya Mungu. Mmoja anatazama kikombe, mwingine dari. Mwisho Kondakta akatoa simu chini ya meza, akaandika kundini: “Jamani mbona msibani?” Simu zote zikatikisika. Tukacheka. Shangazi akamjibu humo humo kwamba marehemu ni mdomo wake. Tukaendelea hivyo, vichwa chini, tunaandikiana tukiwa tumegusana magoti. Hapo nilijisikia vizuri. Hapo nikawa Masta tena.

Mzee akapanda jukwaani. Kakonda. Skafu shingoni, na ukumbi una joto. Alipunga mkono tu. Binti yake ndiye aliyezungumza, akasema baba ana mafua makali, anapumzisha sauti, lakini atapiga picha na kumtilia sahihi kila mtu. Tukapiga makofi. Tukaamini.

Foleni ndefu. Kabla sijafika mezani kwake Kondakta akaanza kuimba nyuma yangu: Masta, toa sauti! Masta, toa sauti! Wengine wakamdakia. Nilimtazama mzee. Alikuwa anatabasamu. Basi nikasimama wima ndani ya lile koti na nikaitoa. Yote. Ilitoka vizuri kuliko siku zote, Mungu wangu, ukumbi ule una mwangwi.

Watu wakashangilia. Mzee hakushangilia. Aliganda, kalamu hewani. Kisha akaniita kwa kidole. Nikainama. Akaweka mdomo karibu na sikio langu, akasema neno moja:

“Rudia.”

Haikuwa sauti. Ilikuwa pumzi inayokwaruza majani makavu. Nilimwangalia machoni nikajua — si mafua. Imekwenda. Haitarudi. Na yeye aliona kwamba nimejua. Akanishika kifundo cha mkono, akabana.

Mtu mzima akikuomba namna ile unafanyaje? Nilirudia. Polepole zaidi. Alifumba macho na machozi yakamtoka, akawa anatembeza midomo pamoja nami, neno kwa neno, kama anayeomba dua. Watu wanacheka na kushangilia. Binti yake akageuka, akaona baba analia, akanisukuma kifuani. Walinzi wakanitoa pembeni. Picha sikupiga.

Shangazi alikuwa amesimama karibu yangu kuliko wote, na simu mkononi. Alikuwa analia pia. Kondakta akanipiga bega akasema nimeua, hakuna kama mimi.

Jumapili, 15 Juni

Familia ya mzee imetoa taarifa. Alipasuliwa koo miezi kadhaa iliyopita. Sauti haipo tena. Walitaka kusema kwa wakati wao, lakini sasa wamelazimika. Wanaomba astahiwe.

Na chini ya taarifa, kila mahali, klipu. Mimi, lile koti, mdomo wazi. Mzee analia. Imeanzia pale ninaporudia. Hakuna “Rudia”. Hakuna kidole kuniita. Ukiiangalia hivyo, ni jitu zima linamkejeli bubu mpaka analia, na watu nyuma wanacheka. Hata mimi ningelichukia.

Maneno waliyoandika sitayaweka hapa.

Niliandika kundini: aliniomba. Aliniomba mwenyewe nirudie. Kimya. Wameona, alama zinaonyesha wameona. Baadaye Kondakta kaandika kwamba kundi halihusiki na kitendo cha mtu mmoja, kila mtu abebe msalaba wake. Kondakta! Aliyeniimbia mgongoni.

Shangazi leo hajatuamkia.

Jumatatu, 16 Juni

Mashine moja mbovu, mashuka yanatoka na maji, mazito kama maiti. Wawili watatu wameiona klipu. Mmoja kanifuata chooni akaniomba nimfanyie ile sauti. Shemeji akamwambia akafanyiwe na mama yake. Yangefika pabaya kama si mnyapara.

Shemeji sikumweleza. Hakuuliza. Tulikunja tu. Tukikutana katikati ananiangalia usoni, tukiachana anaangalia shuka. Karibu na kutoka ndipo aliposema: “Kama hukukusudia, hukukusudia. Mimi nimekula na wewe.”

Dada yangu mdogo kapiga simu kutoka nyumbani. Ameonyeshwa sokoni. Aliuliza kama yule ni mimi, akawa anasubiri nikatae. Nilisema ni mimi. Akasema mama hajaiona, simu ya mama wameificha. Nilitaka kumweleza ilivyokuwa, lakini naye alikuwa ananong’ona, na watu wanapita karibu yake.

Jumatano, 18 Juni

Shangazi kanipigia. Mara ya kwanza kusikia sauti yake kwenye simu yenyewe, si ujumbe. Nilitoka nikasimama nyuma, penye mabomba ya mvuke.

Hakusalimia. Alianza kulia, akasema ile klipu ni yake. Ndiye aliyerekodi, tangu mwanzo. Usiku huo huo akakata sehemu ya kwanza, akabakiza pale mzee analia, kwa sababu aliona ndipo pazuri, aliona mzee analia kwa furaha. Aliiweka kwa mapenzi. Aliandika chini yake: wawili wamekutana. Watu wakaichukua, wakaondoa maneno yake, wakaweka yao. Alipoona, akafuta ya kwake. Too late, tumechelewa, wamekwisha kuisambaza — ndivyo anavyosema mwanawe, anayemsaidia simu.

Nikamuuliza ile ndefu anayo?

Anayo. Kidole kinaonekana kikiniita. Mdomo wa mzee unaonekana kwenye sikio langu. Na yeye mwenyewe kwa masikio yake alisikia lile neno.

Nikamwambia basi iweke, Shangazi.

Mvuke ulipiga filimbi, nikadhani amekata. Akasema binti wa mzee anamtafuta aliyerekodi, anataka kumshitaki. Akasema wateja wake wote wamo kwenye mambo haya ya mashabiki, hata nguo za mkutano ndiye aliyezishona. Wakijua ni yeye, nani atamletea kitambaa? “Nipe mpaka kesho, baba. Kesho kabla ya kipindi nitaiweka. Ila usinitaje. Niapie hutanitaja.”

Niliapa. Nilikuwa na furaha, ningeapa lolote.

Alhamisi, 19 Juni

Mchana. Hakuna kitu.

Jioni. Kipindi kimeanza na kwisha. Mimi sikutazama, nilikuwa natazama simu. Kwenye kundi hakuna aliyezungumzia kipindi. Kondakta ameweka kura: Masta abaki au atoke? Majina yanaonekana. Niliona kila mmoja akiingia. Wengine walikawia, nashukuru kwa kukawia kwao. Kisha wakaweka alama pale pale kwa wenzao. Upande wa “abaki” kuna mtu mmoja ambaye sidhani alisoma vizuri, kwa sababu sasa amehama.

Shangazi hakupiga kura. Jina lake lilionyesha anaandika. Nilisimama kitandani, sijui kwa nini nilisimama. Anaandika. Kimya. Anaandika tena, muda mrefu. Shemeji, ambaye tunalala naye chumba kimoja, akaniuliza kuna nini, nikampungia anyamaze.

Kisha yakaja maandishi madogo ya kijivu katikati ya kioo, yale yanayoandikwa na simu yenyewe. Shangazi ametoka kwenye kundi.

Nimempigia. Haipatikani.

Watu kundini wameshtuka. Wanamlilia. Wanasema nimemfukuza mama wa watu, hata yeye ameshindwa kukaa na mimi. Kondakta ameandika kwa herufi kubwa: Masta, una la kusema kabla hatujafunga kura?

Ninalo. Ni jina moja tu. Nikilisema, nimepona mimi na amekwisha yeye. Tena si lazima hata wanisadiki, lakini wataanza kumtafuta, na hawa wakimtafuta mtu wanampata.

Nimebonyeza pa kurekodi sauti, nikaachia. Nimebonyeza tena. Wote huko wanaona: Masta anarekodi. Wanaona ameacha. Shemeji ameinuka, amekaa ukingoni mwa kitanda chake, ananitazama. Anasema sema basi, hata uongo, sema kitu.

Nimebonyeza tena, sikuachia mpaka nikamaliza. Jina lake sikulitaja.