Kijiji cha Adela kwenye pasipoti

Mize, upo? Niko kwenye korido ya ofisi ya uhamiaji. Nimewaleta Adela na mumewe Reto kutoka Laurel wanakoishi kwa intavyuu ya green card. Adela katoka ndani analia.

Unaikumbuka ile pasipoti ya Uswisi aliyoipata kwa kuolewa na Reto? Wale hawaandiki ulipozaliwa, wanaandika kijiji cha mababu wa mume. Yake imeandikwa Vellanz. Basi kwenye fomu, palipoulizwa alizaliwa wapi, mwenzio akanakili Vellanz! Adela wa Moshi!

Afisa kamwambia kwa upole tu, "Hebu nieleze kwenu kukoje." Si angesema palepale kwamba alikosea? Wapi! Akapaniki, akamwaga yote aliyoyasoma kwenye simu kuhusu hicho kijiji: bonde jembamba, mto, kanisa lililoungua 1871, wakazi 143.

Watu 143, Mize! Harusi yako ilijaza zaidi!

Afisa akaandika. Akauliza, "Na shule ulisoma hukohuko?" Adela akasema ndiyo. Kasema NDIYO. Ameshaapishwa, mkono juu, halafu anasema ndiyo!

Namwambia rudi sasa hivi ukaseme ukweli, mlango ukafunguka, wakaita jina la Reto, aliyekuwa amekaa kule mwisho wa korido. Kaingia anatabasamu, hajui lolote. Na unamjua Reto, hawezi kudanganya hata mtoto mdogo.

Na huko Vellanz, Mize, hata yeye hajawahi kukanyaga.