Ruzuku ya Zuhura

Jumatano, baada ya isha.

Eti watu hawaalikwi kwenye utafiti! Mimi, nikialika harusi hapa Mitwero uwanja unajaa, nimepita nyumba hadi nyumba kuwaambia majirani wajiandae kutolewa damu. Mwanangu Zuhura anakuja kupima matende kwa ruzuku ya serikali. Wote wamekubali. Nani wa kunikatalia mimi?

Jioni kapiga simu kutoka Dar. Nikamwambia watu tayari. Akacheka mpaka akakohoa.

"Baba jamani! Ruzuku yenyewe bado. Maombi ni mengi, wataalamu wanayashindanisha. Na nikipata, nyumba za kupima zinachaguliwa kwa bahati nasibu. Ukinipangia jamaa zako, hesabu zitadanganya."

"Na nyumba yangu ikikosa hiyo bahati nasibu?" nikamuuliza.

"Utakuwa umekosa, Baba. Nitapima wengine."

Nimeelewa, mimi si mjinga. Pesa ya serikali ni ya ugonjwa, si ya kumrudisha mtu kwao. Lakini akiipata atakaa huku Lindi mpaka kazi iishe, na tangu tumzike mama yake hajalala hapa.

Nilitaka kumwambia njoo tu, hata bila ruzuku.  Badala yake nikamwambia waambie hao wataalamu wafanye haraka, watu huku wanaumwa.