Nimemuua Anyona kwa Mdomo

Bathsheba, mimi siogopi mtu hapa Gesima. Ila leo mtu wa mkopo wa gari alipofika, nilijifungia chooni mpaka nzi wakanizoea.

Nikatoka. Nikamwambia tumechelewa kulipa kwa sababu shemeji Mokua ametushtaki juu ya shamba, na korti imefunga pesa ya majani chai. Akasema, "Mama, kesi ni yenu, pikapu ni yetu. Iko wapi?"

Na iko nyuma ya migomba, mume wangu Anyona amelala ndani!

Nikasema imeenda kubeba maiti.

"Ya nani?"

Huu mdomo, Bathsheba! "Ya mzee wangu." YA MZEE WANGU!!

Akavua kofia. "Pole mama. Kwenye matanga hatuchukui gari." Akaanza kuniombea. Nikalia mpaka machozi ya kweli yakatoka.

Tukasikia "Amina" nyuma yetu. Ni Anyona, kofia mkononi. "Mong'ina, mke wangu, nani amekufa?"

"Huyu ni nani?" mtu wa mkopo akauliza.

"Ndugu wa marehemu," nikasema. "Anaitwa Mokua."

Weee! Anyona kuitwa Mokua!

"Mokua gani? Mimi ni Anyona, bwana yako, na hiyo pikapu ni yangu, funguo ndiyo hii!"