Hodi Kwenye Stoo ya Mabomba

3 Februari

Kasuku wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni goti tu linalonikumbusha umri. Wewe hujambo? Unakula, au unaishi kwa chai?

Jana tulitazama msimu wa nne wa hicho kipindi chenu cha vichekesho, Foleni Ndefu. Tulikaa chumba cha kufulia cha hospitali, maana runinga ya kantini imekufa. Nikuambie ukweli, watu wamegawanyika. Dereva wa ambulansi anasema tangu yule meneja mkorofi aondoke, kipindi kimepoa. Mpishi anasema hapana, sasa ndipo kinafanana na ofisi ya maji tunayoijua, wafanyakazi wengi na maji hakuna. Mimi nilikutetea. Damu nzito kuliko maji, hata maji ya ofisi ya kipindi chenu.

Ila yule mtunza stoo mpya, Mzee Hodi, amenivunja mbavu. Mtu anapiga hodi mara tatu kwenye stoo yake mwenyewe, anasubiri, ndipo aingie. Stoo ya mabomba! Nani atamkaribisha, bomba? Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ajabu ni kwamba nilicheka peke yangu, wenzangu wote wakitazama sakafu. Nadhani vichekesho vingine vinataka akili.

Mwambie aliyemwandika nampa hongera.

Baba yako, mtunza mashuka


11 Februari

Shikamoo Baba,

Pole na goti, likande kwa maji ya moto. Mimi sijambo na chakula nakula.

Huku nako watazamaji wamegawanyika hivyo hivyo. Kila Ijumaa sisi waandishi tunakaa mezani na kusomewa maoni yao. Mmoja anasema kipindi kingezikwa na msimu wa tatu, mwingine anasema Mzee Hodi ndiye anayekibeba mgongoni. Bosi amefurahi, sasa anataka hodi kila wiki.

Hongera zako zimefika kwa mwenyewe. Baba, usikitazame sana. Ni kipindi tu.

Kasuku wako


2 Machi

Binti yangu,

Natumaini u mzima. Mimi nipo.

Juzi nilipita kwenye korido, mhudumu mmoja mgeni akagonga ndoo mara tatu na kusema hodi, mwenzake akaangua kicheko. Nikamwendea mpishi nimuulize kuna nini. Akanivutia kiti, akanitazama kama mtu aliyetumwa kuleta habari ya msiba. Akasema, "Mzee, yule Hodi si ni wewe?"

Nikakataa. Akaniuliza asubuhi ile nilifanya nini kabla ya kuingia stoo yangu. Hapo nikakumbuka shule zilipokuwa zikifungwa, ulikuwa unakuja kazini kwangu, unakaa juu ya mashuka na kuigiza ninavyotembea. Jina la Kasuku ulilipata pale pale.

Mtu haoni kisogo chake. Kumbe nilijicheka mbele za watu, tena kwa sauti kuliko wote, na wao ndio walioona haya kwa niaba yangu. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata kipindi chenyewe. Siku hizi naingia stoo bila kupiga hodi.

Baba yako


6 Machi

Shikamoo Baba,

Afya yako sithubutu kuiuliza, lakini naiombea.

Ni mimi niliyemwandika. Msimu wa nne ulikuwa unatushinda. Meneja ameondoka, watu wanatutukana, na pale mezani kila mmoja anatazamwa alete cha kuchekesha. Mimi nikainuka, nikatembea kama wewe, nikapiga hodi kwenye kabati. Walicheka mpaka bosi akatoa machozi. Siku ile nilijiona mtu, Baba. Hongera zako zilipofika, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nakupigia simu hupokei. Nisamehe.

Kasuku wako


1 Aprili

Shikamoo Baba,

Natumaini kimya chako si cha ugonjwa. Nimeomba Mzee Hodi aondolewe, bosi amekataa, watazamaji wanamtaka. Basi kama habanduki, angalau apewe sababu. Niambie, ulikuwa unapiga hodi kwa nini? Utotoni sikuwahi kukuuliza. Nitaiandika, wote wajue hukuwa mjinga.

Mwanao


14 Mei

Binti yangu,

Sijambo, nawe uwe hujambo. Nilikuwa nimenuna. Sasa nimechoka kununa.

Wiki iliyopita niliingia stoo kimya kimya, kama nilivyojizoeza. Nyuma ya rafu ya mashuka ya wodi ya watoto alikaa muuguzi kijana, amejiziba mdomo kwa shuka, analia asisikike. Aliponiona akaruka juu, akaanza kukunja shuka lililokwisha kukunjwa. Sikujua macho niyaweke wapi. Akaniambia, "Mzee, mbona leo hukupiga hodi?"

Sababu uliyoiuliza ndiyo hiyo. Hospitalini hakuna pa kulilia. Wodini kuna wagonjwa, kwenye korido kuna ndugu zao, ofisini kuna wakubwa. Kwa hiyo wanakuja kwangu, wauguzi, madaktari, hata yule dereva wa ambulansi anayejifanya jiwe. Hodi ya kwanza wafute machozi, ya pili wasimame, ya tatu wanikaribishe kama watu waliokuja kuchukua mashuka. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kunieleza, na mimi sikuwahi kumuuliza mtu.

Nimeirudia hodi yangu. Anayecheka acheke.

Lakini usiiandike. Nao wanatazama kipindi, mwanangu. Siri ikitoka hawatakuja tena, na sijui watalia wapi. Mwache mzee wako aendelee kuwa mjinga wa mabomba.

Baba yako


30 Mei

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, sikuweza kukaa.

Ijumaa tulisomewa maoni kama kawaida. Wengine bado wanamsifu mzee. Lakini mmoja ameandika kwamba msimu huu umemchosha, kwamba kupiga hodi pasipo na mtu hakuna maana yoyote, na kwamba mwandishi wake amekosa la kuandika. Bosi akanigeukia, akaniambia nijitetee, mzee huyo si ni wangu?

Jibu lilikuwa limefika mdomoni, Baba. Lingewanyamazisha wote, na mimi ningetoka pale kichwa juu.

Nikasema mtazamaji yuko sahihi, nimekosa la kuandika.

Walicheka. Mimi nilitazama sakafu.

Binti yako