Kilichokuwa Nyuma ya Kabati

Nyumba ya pili nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Pokea salamu zangu nyingi, nikitumaini goti lako limetulia na kwamba wodi ya wazazi haikusumbui kama mwezi uliopita. Shemeji hajambo? Na yule mwanangu wa mwisho, ameacha kutafuna penseli? Sisi huku ni wazima. Shemeji yako kifua kimepona, amerudi kwenye mashine zake na spana zake, na kukoroma kumerudi pia.

Sikukupigia simu kwa sababu nakujua. Unaweka sauti ya juu mpaka majirani wanaitikia salamu, na hili nililonalo si la majirani.

Uliniandikia kwamba mlituona kwenye televisheni tukicheka na kukumbatiana, umeme ukakatika kabla hamjaona mwisho, na sasa unauliza mbona tangu siku hiyo niko kimya. Nisamehe. Ngoja nianze mwanzo.

Kile kipindi ni hivi: familia mbili zinazojuana, mume na mke huku, mume na mke kule, hubadilishana nyumba kwa siku mbili. Kila upande hupamba upya chumba kimoja cha wenzao, na mwenye nyumba haruhusiwi hata kuchungulia mpaka kamera zimwelekee. Mimi ndiye niliyeliona tangazo. Niliwaza cherehani yangu tu. Nilijua watu wakiyaona mapazia yangu, wateja watapiga foleni. Wenzetu nikawachagua mwenyewe: nesi na mumewe.

Huyu nesi ni rafiki yangu tangu alipokuwa zahanati ya mtaa wa pili. Aliacha kazi miaka miwili iliyopita. Mumewe alisema amechoka, anahitaji kupumzika. Mume huyo ndiye msimamizi wa shemeji yako kiwandani. Wanamwita Bashasha, na jina limemkaa kama shati la kupimisha. Akiingia mahali, watu wanajiweka sawa kwenye viti wasubiri kucheka. Anajua mtoto wa nani anaumwa na wa nani amefaulu. Hata mimi nilikuwa nikimsifu kwa shemeji yako, mpaka akaniuliza kama nataka nikaolewe huko.

Nilipomweleza nesi habari za kipindi, alikataa. Nikamrudia baada ya wiki, akanishika mkono, akasema, "Dada, tuache tulivyo." Nikadhani ni haya. Nikamruka, nikaenda kumweleza Bashasha mwenyewe. Hapo ndipo nilipoharibu. Bashasha alipiga makofi, na jioni ile ile fomu zikawa zimejazwa, sahihi mbili chini.

Basi siku ikafika. Wao wakaingia kwetu kupamba sebule, sisi tukaenda kwao kwenye chumba cha kulala. Mpambaji tuliyepewa, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani, aliamua kabati la zamani litoke, lijengwe jipya la ukutani, kutoka sakafuni hadi darini. Shemeji yako na mpiga picha wakatoka uani kupima mbao. Nikabaki peke yangu kutoa nguo. Nilipolisukuma lile kabati, nyuma yake, kati ya mbao na ukuta, kulikuwa na begi dogo la bluu.

Sikulifungua kwa umbea, nakuapia. Nilidhani liliangukia huko likasahauliwa. Ndani kulikuwa na sare yake ya unesi, imepigwa pasi na kukunjwa vizuri, magauni mawili, raba, vyeti vyake vyote ndani ya mfuko wa nailoni, na karatasi aliyoandika saa za mabasi kwa mkono wake. Mabasi ya Alhamisi alikuwa ameyapigia mstari. Alhamisi asubuhi ndipo Bashasha anapokuwa kwenye kikao cha wasimamizi.

Nilikaa sakafuni, Dada. Mambo niliyokuwa nikiyaona kila siku yakaanza kujipanga. Simu ya nesi hupokewa na mumewe. Akija kwangu kupimwa nguo, mumewe yuko kwenye kiti anasubiri. Nikimuuliza nesi swali, Bashasha ndiye anayejibu, tena kwa utani mtamu hata unasahau hukumuuliza yeye. Kazi hakuiacha, aliachishwa. Na mimi nilikuwa pale muda wote, pini mdomoni, nikicheka.

Nikasikia mpiga picha anarudi. Nikalizamisha begi ndani ya gunia langu la vipande vya vitambaa, nikarundika mapazia juu yake, nikageuka na kutabasamu. Ile sura niliyoivaa wakati ule ndiyo mliyoiona.

Siku ya pili jioni walianza na sebule yetu. Nilifumbua macho nikaona kuta za rangi ya makaa. Cherehani yangu, ambayo tangu tuhamie hapa imekaa dirishani, ilikuwa imesukumwa pembeni nyuma ya pazia, inatazama ukuta. Bashasha akaeleza mbele ya kamera kwamba mgeni akiingia aone sebule, asione kazi. Nesi alisimama nyuma yake na rola mkononi, hana hata tone la rangi kwenye nguo. Nadhani hakuruhusiwa kuchagua hata msumari. Mtangazaji akaniuliza najisikiaje, nikasema nimekosa la kusema. Wakaona ni furaha.

Na mkataba, ambao sikuusoma mpaka mwisho, unasema tusibadilishe kitu kwa miezi mitatu, maana watarudi kupiga picha. Kwa hiyo nashona mchana na taa imewashwa, pua ukutani. Shemeji yako akitaka kuongea nami anaongea na mgongo wangu.

Kisha tukaenda kwao. Nesi aliingia chumbani, akaangalia mahali kabati lilipokuwa, na uso ukamwisha damu. Akaanza kulia. Mtangazaji akamnong'oneza mpiga picha asogee karibu. Sote tulikuwa tumebandikwa maiki kwenye nguo, hata pumzi ilikuwa inasikika. Nesi akaniuliza, taratibu kabisa, "Kabati letu la zamani liko wapi?"

"Limetoka," nikamwambia. "Lakini kilichokuwa nyuma yake nimekihifadhi mwenyewe. Hakuna mwingine aliyekigusa."

Bashasha akageuka kwangu huku anacheka. "Shemeji, kwani nyuma ya kabati kulikuwa na nini?"

"Vumbi na mende, shemeji. Nimekusitiri."

Watu wote wakaangua kicheko, na yeye zaidi. Nesi akanikumbatia. Wewe uliona kumbatio, lakini mimi nilisikia mwili wote unamtetemeka kama mashine isiyofungwa vizuri.

Nilidhani kazi iliyobaki ni kumrudishia begi lake, aende zake Alhamisi moja. Lakini kipindi kikarushwa. Wiki iliyofuata Bashasha alimleta kupima gauni. Yeye akakaa sebuleni kuusifu ukuta wake, sisi tukaingia nyuma ya pazia na futi. Nikamwonyesha begi chini ya meza ya kukatia. Hakulichukua. Akaniambia kwa sauti ya chini, mikono imenyooshwa nimpime mabega, "Zamani nilikuwa sijulikani. Sasa hata nikienda kununua chumvi, kuna mtu anampigia mume wangu simu kumpongeza. Nitapanda basi gani, dada? Makondakta wote wananiita shemeji."

Nilimpima mara mbili vipimo vile vile.

Jana nilimweleza shemeji yako yote. Nilisema wazi kwamba nikiingiza mkono katika jambo hili, Bashasha ataujua mkono wa nani, na yeye ndiye anayepanga nani abaki kiwandani na nani aende. Shemeji yako alikuwa anafunga kamba za viatu. Akamaliza kufunga, akazifungua, akazifunga tena. Kisha akaenda zamu.

Hapo ndipo nilipo mpaka sasa. Begi liko miguuni pangu nikikanyaga cherehani. Wateja wamekuja kweli kama nilivyotaka, na kila mmoja akiingia ananiambia jinsi wale wawili wanavyopendana. Nachukua vipimo, naitikia. Nimeweka kalamu na kuichukua mara tatu leo, maana sijui nikuombe nini.

Alhamisi, stendi kuu.

Dada, nilikuwa nitie barua hii posta. Sikuitia, na utaona kwa nini.

Jumatatu asubuhi shemeji yako alikunywa chai, akasimama mlangoni. Akasema, "Mpeleke huyo mama anakotaka. Mimi spana zangu zinajulikana na viwanda vingi." Akaondoka kabla sijamjibu. Unamjua si mtu wa maneno. Nadhani hiyo ni hotuba yake ya mwaka.

Jumanne tulialikwa wanne wote kwenye duka la rangi. Mwenye duka amebandika picha yetu kubwa nje, akataka tusimame chini yake, watu waje wapige picha nasi. Barabara ilijaa. Bashasha alikuwa amemzungushia mkewe mkono begani, anapokea pongezi. Nikaona kwamba nikimfuata nyumbani kwake atakataa kwa utani kama kawaida yake. Lakini pale, mbele ya watu wale, asingeweza kuwa mtu mwingine.

Nikapaza sauti. Nikasema nimepata oda kubwa ya mapazia kutokana na kipindi, Alhamisi nakwenda mjini kununua vitambaa kwa jumla, na nahitaji jicho la mke wake, siku moja tu. Watu wakashangilia. Akina mama wakasema mwachie, mwachie, ametufurahisha sana kwenye televisheni. Nilimwona Bashasha macho yake yakitafuta njia ya kutokea. Kisha akacheka.

"Mchukue," akasema. "Lakini umrudishe kabla ya saa kumi na mbili."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Sikusema ndiyo.

Leo asubuhi tumesafiri saa mbili nzima, kila abiria anatupungia mkono. Tulipofika hapa stendi nikampa begi. Akaingia msalani, akakaa sana hadi nikaanza kuogopa. Alipotoka alikuwa amevaa sare yake na barakoa. Nilikaa nimeinua shingo namtafuta, naye amesimama mbele yangu. Watu wanaiona sare, uso hawauoni. Mwanamke mmoja mwenye mizigo akamsogezea nafasi kwenye benchi, akasema, "Kaa, nesi." Akakaa. Macho juu ya barakoa yakajaa maji, na safari hii hapakuwa na mtu wa kusogeza kamera.

Kwao hawezi kwenda, ndiko Bashasha atakakotafuta kwanza. Kwa hiyo nimempa jina la hospitali yako na rangi ya geti lako. Nisamehe, sikukuomba ruhusa. Ndiye anayekukabidhi barua hii. Mkunga mkuu kama wewe hakosi pa kumweka nesi mwenye vyeti, na chumba cha binti yako kimekaa bure tangu aolewe. Usimuulize mengi. Usimwashie televisheni kwanza. Rangi ya ukuta ikimchosha, mpe ndoo na brashi, mwache achague mwenyewe.

Mimi basi langu la kurudi ni la saa nane. Sitakuficha, Dada, naogopa. Bashasha atakuwa amesimama kituoni na watu wake wa kuwachekesha, atanihesabu mmoja ninaposhuka, na nina mwezi na nusu bado wa kuishi ndani ya sebule aliyoipaka. Shemeji yako huenda akarudi nyumbani kesho na spana zake zote. Nilimuuliza nesi nimwambie nini mumewe. Basi lake likaitwa, akavuta barakoa chini kidogo ili nimsikie vizuri.

"Mwambie sijapotea. Nimeondoka."

Ndilo nitakalosema. Nimelikariri, maneno mawili, nayo yananitosha.

Nisalimie shemeji, mwambie redio yake bado iko kwa fundi. Wasalimie wanangu wote kwa vimo vyao, na shangazi akija kukutembelea mwambie gauni lake liko tayari tangu zamani. Mola akulinde wewe na walio chini ya dari yako, pamoja na huyu ninayekuongezea leo. Kondakta ananyoosha mkono aipokee tiketi ya nesi, nami lazima nimkabidhi nesi barua.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Sindano.