Mashine Uliyoiwekea Saa Kumi na Moja

Kaka Swale,

Leo asubuhi mashine haikujiwasha. Nilikuwa macho tayari, nikisubiri feni zianze kuguruma saa kumi na moja kama siku zote, na hazikuguruma. Niliangalia simu. Kumi na moja na dakika mbili. Na dakika tano. Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nimeona nikuandikie wewe, kwa sababu mwingine yeyote ataniambia hiyo ni mashine tu.

Nianze pale ulipoachia.

Siku ya mazishi, kabla jeneza halijatoka nyumbani Koboko, Mjomba alisimama uani akauliza kama kuna mtu unayedaiwa naye chochote, aje kwetu tuliobaki. Siku hiyo hakujitokeza mtu. Siku ya tatu ndipo alipokuja kwa Mama Bi Hawa, na huyo Bi Hawa ni yule anayewachapia walimu mitihani karibu na soko. Alisema hakudai, ila ulimwahidi. Prosesa ya kompyuta yake, kile kichipu kinachofikiri, imekufa, na ulimwambia ukipata mpya, ile yako ya zamani utampa yeye. Mama hajui prosesa ni nini. Akaniangalia. Nikasema ni kweli, nilikuwepo.

"Basi hiyo lazima itoke," Mama akasema.

Mpya yenyewe, uliyokuwa umeshaiagiza, ilifika Arua baada ya wiki mbili. Ofisi ya basi walipiga namba yako, na simu yako ninayo mimi. Karani alitaka mwenye mzigo aje mwenyewe. Unajua ninavyoshindwa kuongea na watu nisiowajua. Hata darasani mwalimu akiita jina langu, sauti inakauka. Nilikwenda. Pale dirishani nikasema, "Amenituma." Sikuona kama nimesema uongo.

Siku zote hizo mashine ilikuwa ikijiwasha kila asubuhi, hapa Arua kwa Shangazi, upande wa pili wa pazia, ulipokuwa ukilala. Uliiwekea saa ndani ya bayosi, ile programu ndogo inayoiamsha kabla ya mambo mengine yote, ili kelele za feni zinitoe kitandani nisome kabla ya shule. "Profesa, amuka. Mashine imeamuka, wewe bado?" Maneno hayo hakuna tena anayeyasema, lakini feni ziliendelea. Shangazi alitaka tuuchomoe waya. Nilimwomba aache. Kila siku, kwa muda mfupi sana kabla sijaamka sawasawa, nilidhani ni wewe uliyebonyeza.

Arobaini yako ilipofika nilichomoa prosesa ya zamani, nikaipangusa ile pesti ya kupitisha joto, nikaifunga kwenye sponji na kwenda nayo Koboko. Niliiweka kwenye mashine ya Bi Hawa kwa mikono yangu. Skrini yake ilipowaka akaishika pembeni kama mtu anayeshika shavu la mtoto, akasema, "Swale amefika." Mama alilia. Mimi nilijiona mtu mkubwa.

Nikarudi Arua, nikaiweka ile mpya kwenye mashine yetu. Feni zilizunguka. Skrini ikabaki nyeusi.

Nilitoa memori moja moja kama ulivyonifundisha. Nilipuliza vumbi. Niliangalia pini kwa tochi ya simu hadi macho yakauma, nikiamini nimepinda moja. Kesho yake saa kumi na moja feni ziliguruma zenyewe, bila picha yoyote. Nilikaa kwenye kitanda chako nikisikiliza. Nilifikiri nimeiua.

Jibu nililipata shuleni, wakati wa chakula, kwenye chumba cha kompyuta ambako hakuna anayeniuliza kwa nini niko peke yangu. Watengenezaji wa madabodi yetu, ile bodi kuu inayobeba prosesa, wameweka mtandaoni orodha ya prosesa zote inazozikubali. Yetu mpya imo, lakini mbele yake pameandikwa toleo la bayosi, na sisi tulikuwa na la zamani zaidi. Madabodi ilikuwa nzima. Haikumjua tu mgeni huyu. Ili imjue, lazima uiongezee bayosi mpya. Na ili uiongezee, lazima kwanza iwake kwa prosesa inayoijua tangu zamani. Na hiyo nilikuwa nimeshaitoa, kwa jina lako, mbele ya Mama.

Wewe usingekosea hivyo. Ungesoma orodha kwanza.

Siku tisa nilishindwa kwenda kwa Bi Hawa. Nilikuwa nikipanga maneno njiani kwenda shule, na kila nilivyoyapanga yalisikika vibaya. Mtu anaombaje kurudishiwa ahadi ya marehemu? Nikimpigia simu Mama ananiuliza kama ninatumia mashine, nasema ndiyo. Huo ndio ulikuwa uongo. Jumamosi nikaiweka mashine kwenye boksi, nikalifunika kwa lile kawa alilosuka Mama la kuikinga na vumbi, ambalo uliliona ukasema mashine imekuwa wali. Nikaenda.

Pale kwa Bi Hawa alikuwepo jirani yake, Mama Rehema, anayechajisha simu kwenye betri ya sola ya Bi Hawa. Nilieleza nikiangalia sakafu. Nilipomaliza, Mama Rehema ndiye aliyeanza.

"Kitu ya marehemu umeshapea mutu, unarudia tena?"

Nilitaka kushika boksi langu nitoke. Bi Hawa akacheka.

"Wacha mtoto. Swale mwenyewe alinipea bisibisi mara tatu, mara tatu akarudia. Hii iko kwa damu yao." Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeongea na fundi, itachukua muda gani. Nikasema saa moja. Alikuwa katikati ya mtihani wa darasa la sita. Akauhifadhi, akazima mashine yake, akanisogezea kiti.

Nilimwambia kwamba wewe bayosi hukuigusa kamwe kwa umeme wa gridi, kwa sababu ukikatika katikati, madabodi haiamki tena. Akaangalia betri yake, akaangalia simu zilizopangwa juu yake, akaanza kuzichomoa moja baada ya nyingine.

"Na yangu?" Mama Rehema akasema. "Iko laini moja tu ya chaji."

"Laini moja inatosha kuambia mzee wako utachelewa."

Nikahamisha prosesa ya zamani kwenye madabodi yetu. Picha ikarudi, na moyo wangu nao. Nikachomeka flashi yenye bayosi mpya, nikachagua faili, nikasoma jina lake mara tatu, nikabonyeza. Asilimia zikaanza kupanda. Bi Hawa alishika tasbihi yake. Kwenye sitini na nne zikasimama.

Zilisimama, Kaka. Sijui kwa muda gani. Nilikuwa nimeweka mikono chini ya mapaja ili isiguse chochote. Niliwaza kwamba nimekwenda Koboko kuua mashine yako mbele ya watu, na Bi Hawa nimempotezea siku yake, na Mama atasikia kabla ya jioni. Mtoto mmoja alikuja mlangoni akikimbia, na Mama Rehema, yule yule, akainuka akamzuia, akaweka kidole mdomoni.

Sitini na tano.

Ilipofika mia, ikajizima na kujiwasha yenyewe, nikarudisha prosesa ya Bi Hawa kwake, na mpya nikaiweka kwetu. Jina la prosesa hiyo likatokea kwenye skrini, limeandikwa lote. Niligeuka kushoto kukuonyesha, upande uliokuwa ukisimama. Pale kwa Bi Hawa upande huo pana ukuta.

Basi nikarudi, nikailaza pale pale nyuma ya pazia, nikalala nikiwa na furaha kidogo. Na leo asubuhi kimya. Bayosi mpya huja na mipangilio yake. Yote uliyoiweka wewe imefutika. "Andika kwanza, ndio ugusa." Ulinirudia maneno hayo kila siku, na mimi sikuandika.

Nikakumbuka kwamba wewe uliandika. Nimetafuta daftari lako la mashine, lile lenye gamba la kijani, na ukurasa wetu upo. Memori, feni, kila kitu. Nilifungua mipangilio, nikaanza kurudisha mstari kwa mstari kwa mwandiko wako, hadi nikafika kwenye saa. Nilikuwa nimeshaweka kumi na moja, imebaki kuhifadhi tu, ndipo nikasoma mstari mzima:

"Kujiwasha saa 11 asubuhi, kuamsha Profesa. Toa akizoea."

Sikujua kwamba ulipanga iwe ya muda.

Nimeitoa. Nimeandika chini yake tarehe ya leo na toleo jipya la bayosi, kwa mwandiko wangu mbaya. Naahidi sitagusa mashine ya mtu kabla sijaandika, na kitu nitakachokitoa kwa jina lako sitakirudia tena, hata bisibisi.

Pumzika, Kaka. Mungu akupe nafasi na mwanga huko. Kesho saa kumi na moja nitaiwasha mimi, kwa kidole. Kuamka nimezoea.

Kukukosa wewe, bado.

Mdogo wako,
Zaitun